Stelingi yuko kwenye begi la shule, lakini filamu yake ni ya nani?

SWALI: Daktari, pole na majukumu. Nina watoto wawili, wa kiume ana miaka 9 na wa kike ana miaka 5. Imetoka filamu mpya ya mashujaa wenye nguvu za ajabu, na darasani kwa mkubwa hakuna habari nyingine. Baba yao anasema hiyo ni picha ya watoto, mbona sura za hao mashujaa zimejaa kwenye mabegi ya shule na nguo za kulalia? Mimi nimeona imewekewa alama ya PG-13. Trela nimeiangalia: majengo yanaporomoka, ngumi zinarushwa, lakini damu sikuona hata tone. Je, nimruhusu mkubwa? Mdogo naye hakubali kuachwa. Na nikikataa, si ataenda kuiangalia kwa rafiki yake?

JIBU: Asante mama, nimeshapoa. Jibu fupi ni hili: mdogo, hapana. Mkubwa, inawezekana, kwa sharti kwamba wewe au baba yake muitazame kwanza, na siku yenyewe mmoja wenu akae naye mpaka mwisho. Ningeweza kuishia hapo, ila maneno yako ya “damu sikuona hata tone” yamenifanya niandike kirefu, kwa sababu karibu kila mzazi anayeniuliza kuhusu filamu hizi huniambia hivyohivyo, na huyasema kwa sauti ya mtu aliyepata nafuu.

Tuanze na baba watoto. Begi la shule linauzwa kwa mtoto wa miaka minne. Filamu inatengenezwa ili ijaze ukumbi kwa vijana, na kwa watu wazima waliokua wakisoma vibonzo vya hao mashujaa. Ni biashara mbili zinazotumia sura moja, na ile ya mabegi haimuulizi mtengenezaji wa filamu ameweka nini ndani. Asijilaumu sana, maana hata bodi zinazopanga filamu kwa umri zimehangaika na jambo hili. Marekani ilianza kupanga filamu kwa madaraja Novemba 1968, lakini kwa muda mrefu hapakuwa na kitu kati ya filamu ambayo mzazi anashauriwa tu kuwa mwangalifu (PG) na ile ambayo aliye chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima (R). PG-13 ililetwa Julai 1984, baada ya wazazi kulalamikia Indiana Jones and the Temple of Doom na Gremlins, ambazo zote mbili zilipewa PG tupu. Uingereza, daraja la 12 kwenye kumbi za sinema lilianza mwaka 1989, na filamu ya kwanza kulipata ilikuwa Batman. Mwaka 2002 Spider-Man nayo ikapewa 12, maana yake mtoto wa miaka 10 alirudishwa mlangoni hata kama ameshikwa mkono na baba yake. Baadhi ya halmashauri za miji hazikukubali, zikawafungulia wadogo kwa uamuzi wao wenyewe, na kabla mwaka haujaisha bodi ikaleta 12A: aliye chini ya miaka 12 anaingia akiwa na mtu mzima. Yaani mara mbili sheria ya mlangoni ilipobadilishwa, aliyekuwa amesimama hapo ni shujaa aliyeficha uso.

Tena wapo mashujaa ambao hawamfai hata kijana wa miaka 13. Deadpool ya mwaka 2016 na Logan ya mwaka 2017 zilipewa R kule Marekani na 15 kule Uingereza, ingawa wahusika wake wametoka kwenye ulimwengu uleule wa vibonzo. Kwa hiyo vazi la kubana na nembo kifuani havikuambii lolote kuhusu umri wa mtazamaji.

PG-13 yenyewe inasema kwamba baadhi ya yaliyomo huenda yasiwafae walio chini ya miaka 13. Haimkatazi mtu. Hakuna atakayemzuia mwanao mlangoni, uamuzi umeachwa mikononi mwako, na ndiyo maana umeniandikia.

Sasa damu. Bodi inapotazama filamu hupima mambo ambayo watu wazima wanaweza kukubaliana nayo: damu na majeraha, matusi, uchi, dawa za kulevya. Mtengenezaji anayajua hayo vizuri sana. Akitaka kubaki kwenye PG-13 anaondoa damu na kuacha mapigano, hata kuyaongeza. Mwaka 2013 watafiti walichapisha katika jarida la Pediatrics matokeo ya kuhesabu ukatili wa bunduki katika filamu zilizoingiza pesa nyingi zaidi. Katika zile za PG-13 ulikuwa umeongezeka zaidi ya mara tatu tangu mwaka 1985, na kufikia 2012 ulikuwa umeupita hata ule wa filamu za R. Wanakufa wengi, ila wanakufa kwa usafi.

Na usafi huo ndio unaonisumbua. Kati ya mwaka 1994 na 1998 watafiti wa vyuo vikuu kadhaa Marekani walifanya kazi kubwa ya kuchunguza ukatili kwenye televisheni, na jambo la maana walilolifanya ni kuacha kuuliza “ni kiasi gani” wakauliza “umeonyeshwaje”. Kwa kukusanya tafiti za miaka mingi walieleza ni ukatili wa namna gani ambao mtoto hujifunza kwa urahisi zaidi. Ni ule unaofanywa na mtu anayependwa na mwenye mvuto. Ni ule wenye sababu nzuri. Ni ule ambao mpigaji haadhibiwi, tena anashangiliwa. Ni ule ambao anayepigwa haonekani kuumia. Na ukifuatiwa na mzaha, maneno ya kuchekesha baada ya konde, uzito wake unapungua zaidi machoni pa mtoto. Hebu soma sentensi hizo tena ukiwa na filamu ya shujaa yeyote akilini. Zote zimo! Mtu mbaya anayepiga watu kikatili, damu ikatiririka, mtoto anaona ubaya na anajitenga naye. Stelingi anayerusha watu ukutani huku akitania, mtoto anataka kuwa yeye.

Simaanishi mwanao atageuka jambazi. Tangu mwanasaikolojia Albert Bandura alipowaonyesha watoto wa chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, mwaka 1961, mtu mzima akimpiga mwanasesere wa kupulizwa, nao wakamwiga, tunajua kwamba mtoto huiga anachokiona. Tunajua pia kwamba haigi kila kitu na hawi mateka wa filamu moja. Ninachosema ni kwamba kukosekana kwa damu si kipimo cha usalama, na katika filamu za aina hii mara nyingine ni kinyume chake.

Mwaka 2017 zilitoka tafiti mbili zinazovutana kuhusu mashujaa na watoto wadogo, na mimi hupenda kuzitaja pamoja. Sarah Coyne na wenzake walifuatilia watoto wa umri wa chekechea na kuona kwamba waliozama sana katika mambo ya mashujaa walikuwa na ugomvi wa mikono zaidi mwaka mmoja baadaye, na wala hawakuwa wepesi zaidi wa kumtetea mwenzao anayeonewa. Wazazi wengi hudhani mtoto atajifunza kutetea wanyonge. Alichokichukua ni makonde. Mwaka huohuo Rachel White na wenzake waliwapa watoto wa miaka minne na sita kazi ya kuchosha kwenye kompyuta, na waliojifanya ni Batman, hata wakavaa kama yeye, walivumilia kwa muda mrefu kuliko wenzao. Kwangu mimi tafiti hizi hazipingani. Mtoto anapocheza kuwa shujaa, yeye ndiye anayeongoza hadithi. Anapoketi mbele ya filamu iliyotengenezwa kwa ajili ya kijana, hadithi inamwongoza yeye. Kwa hiyo usimvue binti yako joho lake la kujitengenezea kwa sababu ya barua hii.

Kuhusu huyo binti. Mtoto wa miaka mitano hutishika mahali tusipodhani pa kutisha. Zamani televisheni ya Marekani ilikuwa na mfululizo wa The Incredible Hulk, kuhusu mtu mpole ambaye akikasirika anageuka jitu la kijani. Kwa mtu mzima, jitu lile ndilo mwokozi. Watafiti Glenn Sparks na Joanne Cantor walichapisha mwaka 1986 utafiti kuhusu jinsi watoto walivyoitikia kisa hicho. Wakubwa waliogopa zaidi kabla ya kugeuka, mtu yule alipokuwa hatarini, na alipogeuka wakapumua kwa sababu walijua msaada umefika. Wadogo wa chekechea walikuwa kinyume kabisa: kilichowatisha zaidi ni kule kugeuka kwenyewe, macho yakibadilika, nguo zikichanika, sura ya mtu waliyemzoea ikipotea. Kwa umri huo sura ndiyo ukweli. Mwenye sura mbaya ni mbaya, na mtu mwema aliyebadilika sura ameondoka, basi. Ukimweleza kwamba ni yuleyule hakuamini, na si ukaidi, ni umri.

Filamu za mashujaa zimejaa kugeuka. Ngozi inakuwa chuma, uso unaungua nusu, mama anatazama mwanawe kwa macho meupe kwa sababu ametekwa akili na adui. Bodi haihesabu hayo kama ukatili mkubwa. Binti yako atayabeba mpaka kitandani.

Kuna jambo la pili kuhusu umri wake. Tunapomwambia mtoto mdogo “usiogope, si kweli, ni picha tu”, tunampa dawa ya mtu mzima. Cantor alitumia miaka mingi kuchunguza hofu za watoto mbele ya skrini, na moja ya mambo yaliyojitokeza ni kwamba maelezo huwasaidia wakubwa, lakini wadogo husaidiwa na vitu vya kushikika: kukumbatiwa, kunywa kitu, kushika mdoli, taa kuwashwa, filamu kuzimwa. Kwa hiyo ikitokea siku moja ameona asichopaswa, usimhutubie. Mpakate.

Mkubwa ni habari nyingine. Akiwa na miaka 9 anajua majitu hayapo. Hofu yake sasa imehamia kwenye mambo yanayoweza kutokea: mzazi kufa, mtoto kutekwa, nyumba kuungua, rafiki kusaliti. Na hapa filamu za mashujaa zina tabia moja ambayo wazazi huisahau kwa sababu wameizoea tangu utotoni mwao. Mashujaa wengi ni yatima. Hadithi inamtaka apoteze mtu ndipo awe shujaa, hivyo mapema tu baba anapigwa risasi mbele ya mwanawe, au mjomba anakata roho mikononi mwake, au ulimwengu mzima wa wazazi wake unalipuka. Kwa mtoto ambaye kwao hakuna msiba ni huzuni ya dakika chache. Kwa mtoto aliyezika bibi yake miezi miwili iliyopita, au ambaye wazazi wake wametengana na anahesabu siku za kumwona mmoja wao, ni kitu kingine kabisa, na hakuna alama ya umri inayoweza kujua hilo. Wewe unajua. Hivyo kabla ya kuniuliza mimi kuhusu filamu, jiulize mwaka huu mwanao amepitia nini.

Mwangalie pia yeye alivyo. Wapo watoto wa miaka 9 wanaotazama mnara ukianguka na kuuliza umetengenezwaje kwenye kompyuta. Wapo wa miaka 12 ambao usiku wanahamia kitandani kwa wazazi kwa sababu ya tangazo tu. Yule anayeficha uso nyuma ya mto wakati wa katuni tayari amekupa jibu.

Trela isikudanganye. Nyingi hukatwa kwa namna ya kuweza kuonyeshwa kwa watu wa kila umri, kwa hiyo zimeachiwa milipuko na mizaha, na yale mazito yamebaki ndani. Kilicho bora zaidi ni maneno machache yanayoandikwa chini ya alama ya umri, yanayotaja sababu ya daraja lile. Ukiona wametaja vitendo vya kusisimua tu, hiyo ni filamu moja. Ukiona wametaja vitisho, mateso au picha za kuogofya, hiyo ni nyingine, ingawa zote ni PG-13. Bodi ya Uingereza huandika maelezo marefu kidogo kwa kila filamu, na yana faida. Uholanzi wana utaratibu ninaoupenda: pamoja na umri huweka michoro, ngumi kwa ajili ya ukatili na buibui kwa ajili ya kitisho, kwa sababu wametambua kwamba hayo ni mambo mawili. Filamu inaweza kuwa na ngumi nyingi bila buibui, au buibui mkubwa bila ngumi hata moja.

Lakini hakuna kinachoshinda kuitazama mwenyewe. Kama huna saa mbili na nusu (na nyingine ni ndefu zaidi, Avengers: Endgame ya mwaka 2019 ilikuwa dakika 181), tazama dakika ishirini za mwanzo na nusu saa ya mwisho. Mwanzoni ndipo anapofia mzazi. Mwishoni ndipo mji unapobomolewa, na ndipo adui anapouawa, na namna anavyouawa ina maana. Je, shujaa alikuwa na nafasi ya kumwacha hai? Alimwua kwa hasira, na filamu ikampigia muziki wa ushindi? Je, kuna mtu hata mmoja aliyeonekana akilia kwenye majengo yale? Mimi humpa alama nyingi mtengenezaji aliyesimamisha vita kwa dakika moja ili tuwaone waliokuwa ndani ya basi. Mtoto anayeona kwamba ngumi ina uzito, hata akihuzunika, amepewa filamu bora kuliko yule aliyeona watu elfu wakianguka bila jina. Usiondoke pia majina ya waigizaji yanapoanza kupanda. Filamu hizi zina mazoea ya kuficha kipande cha mwisho hapo, na mara nyingine ndicho cha kutisha kuliko vyote.

Mambo mawili ya mwili, kwa haraka. Ukumbini sauti ni kubwa na giza ni nene, na mtoto hawezi kuzima, kwa hiyo kwa mara ya kwanza nyumbani ni bora, mchana, na rimoti iwe mkononi mwako. Na kama kuna mtu yeyote kwenye familia mwenye kifafa kinachoamshwa na mwanga wa kumetameta, ulizia kabla. Incredibles 2 ya mwaka 2018 ilikuwa katuni yenye PG tu, lakini kumbi zililazimika kubandika tahadhari kwa sababu ya taa zake.

Mkiitazama na kijana wako, msimgeuzie sebule kuwa darasa. Hakuna kinachoudhi kama mzazi anayesimamisha filamu kila dakika tano atoe mafunzo. Kubalianeni mapema jambo moja tu: akisema “tusimamishe”, inasimama, na hakuna atakayemcheka wala kumwuliza kwa nini. Mtoto wa kiume wa umri huo akiogopa kuonekana mwoga atakaa ameuma meno mpaka mwisho. Baada ya filamu, mkiwa mnafanya kazi nyingine, muulize angekuwa yeye angemfanyaje yule adui. Kisha nyamaza. Majibu yake yatakuonyesha alichokichukua.

Kwa rafiki yake, ndiyo, inawezekana kabisa ataiangalia huko, na ndiyo sababu mojawapo ya mimi kupendelea aitazame na ninyi. Ukiona ukiitazama kwamba haimfai, mwambie sababu yenyewe kwa maneno yanayoeleweka, “kuna sehemu mama wa yule kijana anateswa, na sitaki uione mwaka huu”, badala ya “ni ya wakubwa”, maneno ambayo kwa mtoto ni mwaliko. Kisha mpigie simu mzazi wa huyo rafiki. Wazazi wengi huona aibu kufanya hivyo, wakidhani wataonekana wanawahukumu wenzao. Mara nyingi mwenzako naye hakujua wanatazama nini, na atashukuru. Na kijana ajue kwamba akiiona huko bila ruhusa na ikamtisha usiku, bado anaweza kuja kukuamsha bila kuanza na kesi.

Amebaki mdogo asiyekubali kuachwa. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kumweka chumba cha pili huku filamu ikiunguruma sebuleni. Atasikia mayowe, milipuko na muziki wa hatari bila picha, na akili yake itachora picha mbaya kuliko ya filamu. Tena atachungulia mlangoni na kuona hasa lile ambalo hukutaka. Siku hiyo mmoja wenu atoke naye nje ya nyumba kabisa, kwa shughuli ambayo ni yake na ambayo kaka yake haimhusu, na msirudi mpaka mpigiwe simu kwamba imeisha. Mkubwa naye aambiwe mapema asije kumsimulia dada yake sehemu ya yule aliyeungua uso.